Shajara ya Saab 900 Turbo ya 1986: kazi ya gereji ya nyumbani

Gari ni Saab 900 Turbo ya milango mitatu, ya mwaka 1986. Injini ina silinda nne na vali 16, ujazo wake ni sentimita za ujazo 1,985, na turbo yake, ile feni inayozungushwa na moshi wa eksozi ili kusukuma hewa ndani ya injini, ni Garrett T3. Lilikaa miaka tisa chini ya turubai, tairi zimelala, panya wamejenga kwenye boksi la filta ya hewa. Nimelipenda gari hili tangu utotoni. Wengine walikwisha kuijaribu turbo kabla ya Saab, lakini 99 Turbo ya mwaka 1977 ndiyo iliyoonyesha kwamba turbo inaweza kuishi kwenye gari la kila siku, gari la kubeba watoto na mizigo, na 900 ni mtoto wake wa moja kwa moja. Sikutaka kulinunua likiwa zuri. Nilitaka nilijue bolti kwa bolti.

Gharama nitaziandika kwa saa za kazi na kwa vipuri, kwa kuwa hizo hazibadiliki kwa atakayerudia kazi hii. Saab Automobile ilifilisika Desemba 2011, hivyo baadhi ya vipuri huja kwa kusubiri. Nimeandika pia siku nilizosubiri.

11 Januari 2025: Kabla ya kugusa starta

Injini iliyolala miaka tisa haiwashwi kwa pupa. Nilitoa plagi zote nne, nikamimina kijiko kimoja cha oili safi kwenye kila silinda, nikaacha usiku mzima. Kesho yake nikataka kuizungusha kwa mkono, na hapo gari hili likanikumbusha kwamba halifanani na mengine: injini imewekwa kinyume. Klachi iko mbele, upande wa radieta, na puli ya krankishafti imebanwa nyuma karibu na ukuta wa kabini, mahali ambapo spana haipati nafasi. Njia rahisi ni kuinua gurudumu moja la mbele kwa jeki, kuweka stendi, kuingiza gia ya tano, kisha kuzungusha gurudumu. Injini ilikubali bila kukwama. Nilifurahi sana.

Petroli ya zamani niliinyonya yote. Ilikuwa na rangi ya chai na harufu ya vanishi. Tangi nikalisuuza mara tatu.

Kwa atakayenunua gari la aina hii likiwa limekufa: ufunguo wake uko kati ya viti, na hautoki mpaka gia ya rivasi iwe imeingia. Usiulazimishe.

Saa 9 za kazi. Vipuri: oili, filta, mpira wa petroli mita mbili.

2 Februari: Kutu

Nitaipita haraka. Trei ya betri ilikuwa imeliwa, na chini yake kipande cha ukubwa wa kiganja kwenye bati la ndani, kule shafti ya gurudumu inakopita. Nilikata hadi kwenye bati zima, nikachomelea viraka viwili, nikapaka rangi ya kuzuia kutu na nta. Kabla ya kuchomelea nilitoa betri na kuchomoa nyaya za alternata.

Kosa moja: sikuondoa mkeka wa lami uliogandishwa sakafuni upande wa ndani. Ulianza kufuka moshi nikiwa nje nimevaa kofia ya kuchomelea, sioni kitu. Binti yangu ndiye aliyeona. Tangu siku hiyo sichomelei bila mtu wa pili amekaa ndani ya gari na chupa ya maji, na mkeka naukwangua sentimita 20 kila upande.

Saa 17.

23 Februari: Inawaka

Pampu ya petroli haikulia. Nilipima umeme kwenye plagi yake, hakuna. Nikafungua rilei ya pampu na kuitazama kwa kioo cha kukuzia: kiungo kimoja cha risasi kilikuwa na ufa mwembamba kama unywele ukikizunguka. Nikakiyeyusha upya, pampu ikalia. Dakika kumi za kazi, na watu hununua pampu mpya kwa sababu ya ufa huo.

Kabla ya kuwasha nilipima mgandamizo, plagi zote zikiwa nje, umeme wa plagi na wa petroli umekatwa, na pedali ya moto imekanyagwa hadi mwisho ili hewa iingie bila kizuizi. Silinda ya kwanza hadi ya nne: bar 11.2, 11.0, 10.9, 11.3. Kwa injini ya zamani hizi ni namba nzuri, na muhimu zaidi zimekaribiana. Kwenye injini hii silinda ya kwanza ni ile ya karibu na kabini. Nyaya za plagi zikipangwa kwa mazoea ya magari mengine, mpangilio wote unageuka.

Nikazungusha starta bila plagi mpaka taa ya oili ikazimika, ndipo nikarudisha plagi kwa uwazi wa milimita 0.6. Iliwaka jaribio la tatu. Dakika kumi na tano za kwanza eksozi ilikuwa safi. Kisha ukaanza moshi wa buluu, mwembamba, ukazidi kila nilipoachia moto baada ya kuukanyaga.

Saa 8.

9 Machi: Nimeihukumu turbo

Moshi wa buluu ni oili inayoungua, na mgandamizo ulikuwa umeniambia kwamba ringi za pistoni ni nzima. Nikavua bomba la hewa, nikashika ncha ya shafti ya turbo kwa vidole, nikaitikisa juu na chini. Ilicheza. Nikaamua papo hapo kwamba turbo imekwisha, nikaagiza katriji mpya, yaani kile kiini cha katikati chenye shafti na mapanga yake yote mawili. Siku 12 za kusubiri, na theluthi nzima ya fungu nililotenga kwa mwaka huu. Nitarudi kwenye uamuzi huu kwenye ingizo linalofuata.

Kuitoa turbo kulinipa kazi ya siku mbili. Studi mbili (bolti zisizo na kichwa) za manifoldi ya eksozi, lile bomba linalokusanya moshi wa silinda zote, zilikatika, zote kwa sababu niliharakisha. Ya kwanza ilibakiza milimita nne juu. Nilivisha nati kubwa kidogo kuliko studi, nikachomelea ndani ya tundu la nati mpaka ikashikana na kisiki, nikaacha ipoe, nikatia mafuta ya kulegeza, nikawa naizungusha mbele na nyuma, robo kwa robo. Ikatoka. Njia hii inafaa hapa kwa sababu kichwa cha injini ni cha alumini: chuma cha kuchomelea hakiishiki alumini, kinashika kisiki tu, na joto lenyewe linalegeza uzi.

Ya pili ilikatika sawasawa na uso wa kichwa. Hapo badala ya kurudia njia iliyonifaa, nilitoboa kwa keekee na kutumia ile skrubu ya kung'olea visiki. Ikavunjikia ndani. Skrubu hizo ni za chuma kigumu kuliko biti, kwa hiyo sasa nilikuwa na kisiki ndani ya kisiki, na hakuna biti iliyokikwaruza. Kilichoniokoa ni kwamba chuma kigumu namna hiyo pia ni rahisi kupasuka: niligonga kwa panchi yenye ncha, taratibu, vipande vikamenyuka kimoja kimoja, nikavipuliza nje. Kisha nikajaza chuma cha kuchomelea juu ya kisiki mpaka kikaota kichwa, nikavisha nati, kikatoka kama mwenzake.

Ushauri wangu kwa anayefuata: anza kutia mafuta ya kulegeza siku tatu kabla, pasha injini moto kidogo, na studi ikigoma usiongeze mpini wa spana. Rudi nyuma, kaza kidogo, legeza tena. Studi zote kumi nilizibadilisha, hata zilizotoka zenyewe.

Saa 19, kati yake 11 ni za studi mbili. Vipuri: katriji, studi na nati seti moja, gasketi ya manifoldi, gasketi za turbo.

30 Machi: Moshi umezidi

Katriji mpya, na moshi mzito kuliko mwanzo. Nilikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa kwa muda mrefu siku hiyo. Kesho yake nikafanya nilichopaswa kufanya mwezi mmoja kabla, yaani kufuata njia ya oili hatua kwa hatua kabla ya kuagiza chochote.

Shafti ya turbo haizuiwi oili kwa sili ya mpira, kwa maana mpira ungeungua. Kila upande una ringi nyembamba ya chuma, inayofanana na ringi ya pistoni. Ringi hiyo haiwezi kuzuia oili iliyojaa nyuma yake. Inaweza tu ikiwa oili inaondoka upesi. Oili huingia katikati ya turbo kwa presha, kupitia bomba jembamba juu, lakini kutoka hutoka kwa kuporomoka tu, imejaa povu, kupitia bomba nene chini linalorudi kwenye injini. Kitu chochote kinachochelewesha mporomoko huo kinaijaza turbo, na oili haina pa kwenda ila kupita kwenye ringi, iingie eksozi au iingie bomba la hewa.

Nilikuta vizuizi viwili. Cha kwanza kilikuwepo tangu mwanzo: mpira wa kupumulia injini, unaotoa mvuke kutoka kwenye kifuniko cha vali, ulikuwa umelainika na kujibana kwa ndani. Kwa nje unaonekana mzima. Injini isiyopumua hujaa presha chini, na presha hiyo inasukuma juu kwenye bomba lile lile ambalo oili ya turbo inataka kushukia. Huu ndio uliokuwa moshi wa Februari.

Cha pili nilikileta mimi. Nilipofunga turbo nilipaka silikoni kwenye gasketi ya bomba la kurudisha oili, nikidhani naongeza usalama. Nilipoifungua, silikoni ilikuwa imefinyika kwa ndani na kuota mdomo mwekundu uliofunika karibu nusu ya tundu. Nikakwangua yote, nikaweka gasketi ya karatasi kavu, bila chochote. Haivuji.

Kisha nikachukua katriji ya zamani, nikaifunga kwenye meza, nikaweka geji ya saa kwenye ncha ya shafti. Kucheza kwa mbele na nyuma: milimita 0.06. Ni nzima. Ule mchezo wa juu na chini niliousikia kwa vidole ni wa kawaida kwa turbo ya namna hii, kwa sababu beringi zake zinaelea. Zinakaa katikati pale tu oili yenye presha inapozijaza. Turbo kavu lazima icheze kidogo. Kinachopimwa kwa uzito ni mchezo wa mbele na nyuma, na kama mapanga yamekwaruza ukuta. Ya kwangu hayakuwa yamekwaruza.

Kwa hiyo nilibadilisha katriji nzima kwa kosa la mpira mmoja. Ile ya zamani nimeisafisha, nimeipaka oili, iko kwenye mfuko uliofungwa.

Jambo moja lilitaka kunipoteza tena: baada ya kurekebisha, gari liliendelea kutoa moshi kwa karibu saa nzima. Ilikuwa ni oili iliyokwisha kumwagika ndani ya eksozi, inaungua polepole. Nilikuwa nimekwisha kushika spana. Bora nilisubiri.

Saa 10. Vipuri: mpira wa kupumulia, gasketi moja ya karatasi.

20 Aprili: Moshi mweusi na pumzi isiyotulia

Moshi wa buluu umekwisha. Sasa injini inapanda na kushuka ikiwa haijakanyagwa moto, na ikikanyagwa kwa nguvu inatoa moshi mweusi na haina msukumo. Mtu angesema ni hitilafu mbili. Kwenye mfumo wa petroli wa Bosch LH-Jetronic ni moja.

Hewa yote inayoingia hupimwa na waya wa moto ulio karibu na filta, na kompyuta huamua petroli kwa kipimo hicho. Tundu likiwa baada ya kipimo, injini ikiwa imetulia hunyonya hewa isiyohesabiwa, petroli ikawa pungufu. Turbo ikianza kusukuma, tundu lile lile linatoa nje hewa iliyokwisha kuhesabiwa, petroli ikawa nyingi. Kipimo chenyewe kilikuwa kizima: baada ya kuzima injini iliyopashwa moto, waya uling'aa mwekundu kwa muda mfupi kujichoma uchafu, kama unavyotakiwa.

Nilitengeneza kifaa cha kupimia kwa kifuniko cha bomba la plastiki chenye vali ya tairi. Kinavikwa kwenye mdomo wa turbo, baada ya kipimo cha hewa, kisha unajaza kwa pampu ya miguu mpaka bar 0.5 na kupaka maji ya sabuni kila kiungo. Jaribio la kwanza niliacha mpira wa kupumulia wazi, hewa ikaingia chini ya injini na kijiti cha oili kikaruka. Ubane mpira huo kwanza, la sivyo utasukuma nje sili za krankishafti. Sauti ya hewa ikipita kwenye vali ya silinda iliyo wazi isikutishe. Zungusha injini kidogo itapungua.

Sabuni ilionyesha sehemu tatu. Mpira wa chini wa intakula, ile radieta ndogo ya kupoza hewa, ulikuwa na mpasuko wa sentimita nne upande usioonekana. Ringi za mpira za injekta mbili, vile vinyunyizio vya petroli, zilikuwa zimekauka kama plastiki. Na kamrija kembamba kanakoenda kwenye kidhibiti cha presha ya petroli kalikuwa kamepasuka kwenye ncha. Nilibadilisha mpira wa intakula, ringi zote nne, na kila kamrija niliyoiona, hata iliyo nzima, moja baada ya nyingine ili nisichanganye.

Pumzi ikatulia siku hiyo hiyo. Nilisimama nikaisikiliza tu.

Saa 7. Kusubiri mpira wa intakula: siku 9. Kati ya kazi zote, hii ndiyo iliyogharimu kidogo na kurudisha kingi, na ningeifanya kabla ya kutoa hata bolti moja ya turbo.

18 Mei: Breki na klachi

Breki: mipira yote, diski za mbele, mafuta mapya. Kwenye 900 ya mwaka huu breki ya mkono inashika magurudumu ya mbele, na ndiyo iliyoganda. Kalipa zote mbili zilifunguliwa, zikasafishwa, zikawekwa sili mpya.

Silinda ya klachi ilivuja. Hapa ule ukinyume wa injini unalipa: klachi inatolewa kwa mbele bila kushusha injini wala giaboksi. Mtu anakanyaga pedali, unachomeka kipande cha kuishikilia sahani ya klachi ikiwa imebanwa, unatoa shafti, na vyote vinatoka pamoja. Niliweka diski mpya kwa kuwa nilikuwa nimekwisha kufika pale.

Saa 16 kwa zote mbili.

8 Juni: Ukuta usioonekana

Mara ya kwanza barabarani. Gia ya tatu, nikakanyaga moto, sindano ya msukumo wa turbo ikapanda kupita rangi ya chungwa hadi kwenye nyekundu, na injini ikakatika ghafla kana kwamba tumegonga ukuta. Nikaachia, ikarudi. Nikarudi nyumbani polepole bila kukanyaga tena.

Kilichokata ni swichi ya usalama: msukumo ukizidi, inazima pampu ya petroli. Ilifanya kazi yake na kuiokoa injini. Swali ni kwa nini msukumo ulizidi. Mfumo wa APC, unaodhibiti msukumo wa turbo, ambao Saab waliuleta kwa magari ya 1982, una sensa inayosikiliza mgongo wa petroli inayolipuka vibaya ndani ya silinda, na vali ya umeme yenye mipira mitatu iliyoandikwa C, W na R. C inatoka kwenye turbo, W inakwenda kwenye kopo la westigeti, ule mlango mdogo unaoruhusu moshi kuikwepa turbo, na R inarudisha hewa upande wa kuingilia. Nilipokuwa nabadilisha vimrija mwezi Aprili, W niliisukuma kwenye kopo bila klipu. Ilichomoka. Westigeti isiyopata hewa haifunguki kamwe.

Klipu mpya kwenye ncha zote sita. Dakika ishirini.

Kisha nikapima sawasawa, kwa geji yenye namba, maana ile ya dashibodi ina rangi tu. Vali ya APC ikiwa imechomolewa umeme, msukumo wa msingi ulikuwa bar 0.35. Ikichomekwa, ukafika 0.75 na kukaa hapo. Sikugusa skrubu ya kurekebisha.

Saa 3.

29 Juni: Kilomita 500

Oili imebadilishwa tena, sumaku ya bolti ya chini ina unga laini tu, hakuna vipande. Plagi zina rangi ya kahawia hafifu zote nne. Oili haijapungua kwa kipimo cha kijiti.

Turbo ya gari hili inapozwa kwa oili peke yake, haina maji, kwa hiyo baada ya mwendo wa kasi naiacha injini ingurume dakika moja au mbili kabla ya kuzima. Injini ikizimwa papo hapo, oili iliyosimama kwenye beringi za moto huungua na kuacha kaboni, na kaboni hiyo hiyo ndiyo inayoziba bomba la kurudisha.

Jumla mpaka leo: saa 89 na siku 21 za kusubiri vipuri. Kinachofuata ni kitambaa cha dari, ambacho kimening'inia hadi kinagusa kichwa. Sponji iliyokishikilia imegeuka unga wa kahawia. Nimetoa bao la dari kupitia mlango wa nyuma bila kulikunja, nimelikwangua, na liko ukutani linasubiri gundi ya kustahimili joto.